Mashine ya Kufulia na Maadui Wake Watano

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Musoma, Bunda na Butiama

Natumaini mmekwisha keti, taa inawaka, na daftari liko mbele ya kila mmoja. Nazungumza nanyi wa Musoma mjini, nanyi wa Bunda, nanyi wa Butiama, na kila mwingine aliyefungua redio yake jioni hii.

Maneno haya mnayoyasoma ni yale yale mliyoyasikia redioni. Yamepigwa chapa ili yule aliyekosa neno alipate, na yule anayejua kusoma amsomee mwenzake. Desturi hii ya kuizunguka redio kwa kikundi si ngeni kwetu. Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 wazee wetu waliketi hivi hivi kusikiliza masomo ya "Mtu ni Afya". Walisikiliza, wakazungumza, kisha wakaondoka wakaenda kuchimba vyoo. Nasi leo tufanye vivyo hivyo: tusikilize, tuzungumze, kisha tutende.

Somo la leo ni utunzaji wa mashine ya kufulia nguo.

Najua mmoja wenu anacheka moyoni. Anasema, "Mimi nafua kwa beseni na sabuni ya mche. Mashine ni ya nini kwangu?" Ngoja kidogo, bibi. Umeme umefika katika vijiji vingi. Watoto walio Mwanza na Dar es Salaam huwanunulia wazazi wao mashine hizi. Na anayepata kazi katika nyumba ya mtu au katika nyumba ya wageni, aghalabu hukabidhiwa mashine siku ile ile ya kwanza. Ikiharibika, yeye ndiye anayeulizwa. Basi somo hili lamfaa mwenye mashine, na lamfaa pia asiye nayo.

KISA CHA MASHINE YA MAMA

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Mama yangu anakaa Bunda. Amefua kwa mikono tangu utoto wake. Amefua nguo zetu sisi watoto wake sita, na kabla yetu alifua za wadogo zake. Sasa viungo vya vidole vyake vimevimba. Kukamua shuka kwake ni adhabu. Mimi na ndugu zangu tulichanga fedha mwaka mzima, tukamnunulia mashine ndogo ya mapipa mawili. Siku ilipofika, majirani walikuja kuitazama. Mama aliifunika kwa kitambaa alichokishona mwenyewe.

Mwezi wa nane mashine ikanyamaza.

Tukamwita fundi. Akailaza mashine juu ya gunia, akafungua parafujo moja moja. Kila alichokitoa alikiweka juu ya gunia lile. Palikuwa na mchanga, kadiri ya kikombe kizima. Palikuwa na sarafu mbili, msumari mmoja, kibanio cha nywele, na magamba ya samaki. Mwisho akatoa mkanda wa mota. Ulikuwa umetafunwa na panya mpaka umekatika.

Fundi akanitazama, akasema, "Mwalimu, mashine hii haikufa. Imeuawa."

Nikaona haya. Maana mashine ile ilikuja na kitabu cha maelezo, na mimi ndiye niliyekitia kabatini bila kukifungua. Wakati ule mama yangu hakuweza kukisoma. Mimi niliweza, na sikukisoma. Jumamosi ile mama akarudi kwenye beseni lake. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Lakini nilimwona akiikamua shuka kwa kuibana baina ya viganja, kwa sababu vidole vilikataa kukunja.

Hiyo ndiyo sababu ya somo la leo. Mashine si pambo la nyumbani. Ni fedha ya watu waliojinyima, na ni mapumziko ya mikono iliyochoka.

MASHINE INAFANYAJE KAZI?

Hatuwezi kukitunza kitu tusichokielewa. Basi tuifahamu kwanza.

Mashine za kufulia zilizo nyingi kwetu ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya mapipa mawili. Pipa moja ni la kufulia, na la pili ni la kukamulia. Mwenyewe hutia maji, huzungusha kitufe cha dakika, kisha huhamisha nguo kwa mkono. Ya pili ni ile inayojiendesha. Ina pipa moja tu, na mlango wake uko mbele au juu. Huvuta maji yenyewe, hufua, husuuza, hukamua na kuyamwaga maji.

Ndani yake mna nini? Wakulima wa Bunda na Butiama wataelewa upesi nikisema hivi: mota ni ng'ombe wa plau. Mkanda ni mnyororo wa kuvutia. Pipa ndilo jembe lenyewe. Pipa huzunguka juu ya kitu kiitwacho beringi, yaani pete ya chuma yenye gololi ndogo ndani yake. Beringi huzuiwa isiingiwe na maji kwa mpira maalumu. Mpira huo ukichakaa, maji huingia, gololi hushika kutu, na mashine huanza kunguruma kama lori bovu.

Mkulima mwenye akili hamtwiki ng'ombe wake mzigo asioumudu. Halimi shamba lenye visiki bila kuving'oa kwanza. Na jioni hamwachi ng'ombe na nira shingoni. Basi mashine nayo inataka adabu hiyo hiyo.

SIKU YA KWANZA

Mashine nyingi huharibika hata kabla hazijafua nguo ya kwanza. Tuseme umeinunua Mwanza, nawe waileta kwa gari kupitia Lamadi na Bunda hadi Musoma. Isafirishe ikiwa imesimama, usiilaze. Ifunge kwa kamba isiyumbe.

Mashine inayojiendesha yenye mlango wa mbele huwa na boliti ndefu mgongoni, kwa kawaida tatu au nne. Boliti hizo zimewekwa kiwandani ili kulishika pipa lisicheze safarini. Lazima zitolewe kabla ya kuiwasha. Asiyezitoa ataiona mashine inaruka-ruka sakafuni kama mwana-mbuzi, na baada ya siku chache itavunjika ndani. Zitoe, zitie katika mfuko, zihifadhi. Siku ukihama nyumba utazirudisha mahali pake.

Kisha isimamishe mahali palipo sawa. Sakafu nyingi za saruji zina mteremko ili maji yaende nje. Mteremko huo ni mzuri kwa maji, lakini ni mbaya kwa mashine. Chukua pima maji ya fundi mwashi, uiweke juu ya mashine. Mashine nyingi zina miguu unayoweza kuizungusha ikapanda au kushuka. Iweke sawa mpaka isitikisike ukiisukuma pembeni.

MAADUI WATANO

Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alitufundisha kwamba taifa letu lina maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Mashine yetu nayo ina maadui wake. Mimi nimewahesabu watano. Tuwataje mmoja mmoja.

Adui wa kwanza ni mchanga na vitu vigumu.

Sisi watu wa Mara tunaishi na mchanga. Anayeanika dagaa ufukweni hurudi nyumbani na mchanga katika pindo la nguo, na magamba yamemng'ang'ania. Anayepalilia pamba huko Bunda hurudi na udongo mweusi wa mbuga. Usiitie nguo ya namna hiyo katika mashine moja kwa moja. Ikung'ute nje kwanza. Ikiwa na tope, isuuze katika ndoo. Kisha pekua kila mfuko. Toa sarafu, misumari, vibiriti na karatasi. Funga zipu, kwa maana meno ya zipu hukwaruza pipa na kutafuna nguo nyingine. Kitu kidogo chenye waya au ndoano, kifunge ndani ya foronya kabla ya kukifua.

Maji yenyewe pia huweza kuleta mchanga, hasa yakitoka katika tangi lililokaa muda mrefu bila kusafishwa. Unapotia maji kwa ndoo, tandaza kitambaa safi mdomoni mwa pipa kiwe chujio. Mashine inayojiendesha ina chujio dogo mahali mpira wa maji unapoungana nayo. Chujio hilo likiziba, maji huingia kidogo kidogo, na mashine husimama ikingoja. Watu wengi wamemwita fundi kwa sababu hiyo tu. Funga bomba, fungua mpira, toa chujio, lisugue kwa mswaki wa zamani, lirudishe. Ni kazi ya dakika tano.

Adui wa pili ni uzito.

Kila mashine imeandikwa uzito wa nguo inaoumudu. Tafuta bamba au karatasi iliyobandikwa mgongoni au mlangoni. Utaona tarakimu na herufi mbili: kg. Hizo ni kilo. Na jueni kwamba ni kilo za nguo kavu, si nguo zilizolowa.

Tufanye hesabu. Tuseme suruali moja ya jinzi ina gramu 700. Suruali 4 ni gramu 2,800. Tuseme shuka moja ina gramu 600. Shuka 2 ni gramu 1,200. Jumla ni gramu 4,000, yaani kilo 4. Ikiwa mashine yako imeandikwa kilo 5, umebakiwa na nafasi ya kilo moja tu. Usiongeze blanketi! Blanketi likinywa maji huwa zito kuliko unavyodhani.

Ikiwa huna mizani, tumia mkono. Nguo zikishakuwa ndani, mkono wako uweze kuingia juu yake bila kusukuma. Nguo zisipopata nafasi ya kucheza hazitakati, na mota itaungua. Kadhalika usifue kitu kimoja kizito peke yake. Pipa litaelemea upande mmoja wakati wa kukamua, na mashine itapiga kelele na kutembea. Changanya kubwa na ndogo.

Enyi wenye mashine ya mapipa mawili: katika pipa la kukamulia, panga nguo sawasawa pande zote, kisha weka kile kifuniko chembamba cha ndani juu ya nguo. Wengi hukitupa wakidhani ni pambo. Si pambo. Huzuia nguo isiruke ikajisokota chini ya pipa. Na kitufe cha dakika kizungushe upande mmoja tu, ule wa mshale. Ukikirudisha nyuma kwa nguvu utavunja meno yake.

Adui wa tatu ni sabuni nyingi.

Sisi tumezoea kuamini kwamba povu jingi ndiyo nguo safi. Kwa beseni, povu humwagwa tu. Katika mashine sivyo. Katika ile yenye mlango wa mbele, nguo hutakata kwa kuinuliwa na kuanguka. Povu likijaa, nguo huanguka juu ya povu kama juu ya godoro, wala hazisuguani. Povu huvuja. Sabuni isiyosuuzika huganda katika mipira na mabomba, ikageuka utelezi unaonuka.

Basi tumia sabuni ya unga iliyoandikwa kuwa ni ya mashine, isiyotoa povu jingi. Ipime kwa kijiko, usiimwage kutoka mfukoni. Anza na kiasi kidogo kuliko unavyodhani. Nguo zikitoka chafu, ongeza kidogo mara ijayo. Vipande vya sabuni ya mche visiachwe ndani ya mashine, huziba njia ya maji.

Angalieni pia maji mnayotumia. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, hutoa povu upesi. Wanaoyapata kwa bomba, kama watu wa Musoma, na wale wanaohudumiwa na mradi wa Mugango, Kiabakari na Butiama, wapunguze sabuni. Lakini baadhi ya visima virefu hutoa maji magumu yenye chumvichumvi. Hayo hayatoi povu kwa urahisi, na yakichemshwa huacha magamba meupe. Mmeyaona magamba hayo ndani ya birika la chai. Basi hukaa vivyo hivyo juu ya chuma cha kupashia maji ndani ya mashine. Mwenye maji ya namna hiyo afue kwa maji baridi kila awezapo.

Adui wa nne ni unyevu, pamoja na rafiki yake panya.

Ukimaliza kufua, usifunge mlango ukaondoka. Mwaga maji yote. Futa pipa kwa kitambaa kikavu. Katika mashine ya mlango wa mbele mna mpira mnene mdomoni. Ufunue mikunjo yake, ufute ndani. Huko ndiko zinakolala nywele, nyuzi na sarafu, na huko ndiko ukungu mweusi unakoota. Acha mlango wazi kidogo hadi ndani pakauke. Lakini kama nyumba ina watoto wadogo, angalieni! Mtoto huweza kuingia ndani ya pipa kwa mchezo. Chumba chenye mashine kifungwe.

Usiiweke mashine uani penye mvua na jua kali. Mvua huleta kutu na hatari ya umeme, na jua hupasua plastiki na mipira.

Na panya je? Mashine nyingi za mapipa mawili ziko wazi upande wa chini. Panya hupanda ndani, akapata joto na giza, akatafuna mkanda na waya. Ndivyo alivyofanya kwa mama yangu. Iinue mashine juu ya meza fupi iliyo imara, na uweke wavu wa chuma chini yake pasipoziba njia ya hewa ya mota. Usiache gunia la mahindi karibu nayo.

Adui wa tano ni umeme mbaya.

Umeme wetu wa nyumbani ni wa volti 230. Lakini mara nyingine hushuka, taa zikawa nyekundu. Mara nyingine hukatika, kisha ukarudi kwa kishindo. Kishindo hicho huunguza mota na vifaa vidogo vya ndani. Umeme ukikatika, nenda ukazime mashine ukutani. Ukirudi, ngoja dakika chache utulie, ndipo uwashe. Mwenye uwezo anunue kifaa cha kulinda umeme, kile watu wengi wanachokitumia kwa friji. Asome kwanza kama kinaumudu wati wa mashine yake.

Mvua za masika na za vuli huja na radi nyingi katika nchi zilizo kando ya ziwa. Ukisikia ngurumo, acha kufua, zima swichi, chomoa plagi mapema.

Na hapa, ndugu zangu, sizungumzii tena maisha ya mashine. Nazungumzia maisha yenu. Maji na umeme vikikutana, mtu hufa. Usishike plagi kwa mkono uliolowa. Usiingize mkono nyuma ya mashine kabla ya kuchomoa plagi. Usitumie waya mwembamba wa kuunganisha uliolala sakafuni penye maji. Hakikisha nyumba ina waya wa ardhini uliofungwa na fundi anayejua kazi yake. Ukigusa mashine ukasikia mwili unawashwa-washwa, usiseme ni kidogo tu. Zima swichi kubwa ya nyumba, umwite fundi. Wala usifungue kifuniko cha pipa la kukamulia kabla halijasimama kabisa. Pipa lile huzunguka kwa kasi ya kuvunja mkono.

KUKAUSHA: JUA AU MASHINE?

Iko pia mashine ya kukaushia nguo kwa hewa ya moto. Majumbani kwetu ni adimu, ila mfanyakazi wa hoteli au hospitali huweza kuikuta. Adui wake mkubwa ni manyoya ya nguo, yaani zile nyuzi laini zinazotoka katika nguo. Manyoya haya hukusanyika katika wavu mdogo. Usafishe wavu huo kila mara unapokausha, si kila wiki. Safisha pia bomba linalotoa hewa nje. Manyoya yakijaa, hewa haipiti, joto hupanda, na nyumba huweza kushika moto. Wala usikaushe humo kitambaa kilicholowa petroli au mafuta ya kupikia.

Sasa tupige hesabu ya umeme. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Tuseme mota ya mashine ya mapipa mawili ni wati 400, nayo inafanya kazi nusu saa. Imekula wati 200 za saa, yaani uniti 0.2. Tuseme mashine ya kukaushia ni wati 2,500, nayo inafanya kazi saa moja. Imekula uniti 2.5. Yaani mara kumi na mbili na nusu! Na jua la Mara linatuwakia bila kudai hata senti.

Basi kikaushio chetu bora ni kamba na vibanio. Kamba iwe juu, mbali na mbuzi. Nguo za rangi zigeuzwe ndani nje zisipauke. Na ninyi wa kandokando ya ziwa mnawajua wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama wingu la moshi. Mkiliona wingu hilo, anueni nguo upesi, ama mtazifua tena. Kila nguo usiyoifua mara ya pili ni siku moja umeiongezea mashine.

ALAMA ZA KUSOMA

Kujua kusoma si kujua herufi peke yake. Ndani ya nguo nyingi za dukani mna kitambaa kidogo chenye picha. Picha ya beseni lenye maji maana yake nguo yafuliwa. Beseni lenye mkono ndani yake maana yake ifue kwa mkono. Beseni lililopigwa alama ya X maana yake usiifue kwa maji. Mraba wenye duara ndani yake ni mashine ya kukaushia. Ukiwa umepigwa X, anika. Pasi yenye nukta moja ni moto mdogo, nukta tatu ni moto mkali. Tazameni shingoni mwa mashati yenu usiku huu.

RATIBA YA KAZI

Nakilini maneno haya kwa herufi kubwa, myabandike ukutani.

Kila unapofua: kung'uta, pekua mifuko, pima nguo, pima sabuni. Ukimaliza, chomoa plagi, futa, acha wazi.

Kila wiki: futa mikunjo ya mpira, tazama kama mpira wa maji umepasuka au umejikunja, tazama dalili za panya.

Kila mwezi: safisha chujio la maji yanayoingia. Mashine inayojiendesha yenye mlango wa mbele huwa na chujio la pampu chini, nyuma ya kijimlango. Weka sinia na tambara chini, hakikisha maji yaliyomo si ya moto, kisha lifungue polepole. Kama mashine hupasha maji, iendeshe mara moja kwa nyuzi 60 bila nguo, ili kuyeyusha mafuta na sabuni iliyoganda.

Mwite fundi mapema ukisikia kelele ya kusaga, ukiona maji yanavuja, au ukinusa harufu ya kuungua. Usingoje mpaka inyamaze. Na fundi akibadili kifaa, mwombe akuonyeshe kile cha zamani na akueleze kiliharibikaje. Huko si kumdharau. Ni kujifunza.

Wazee wetu walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Chujio ni ufa. Mota ni ukuta.

Tena nina neno kwa akina baba. Mashine ni ya nyumba nzima, si ya mama peke yake. Anayevaa nguo safi ajue na kulisafisha chujio. Baba anayefuta vumbi la pikipiki yake kila asubuhi hawezi kusema kazi hii ni ngumu.

MWISHO WA KISA

Mtauliza, mashine ya mama ilikuwaje? Fundi aliweka mkanda mpya, akasafisha, akaiinua juu ya meza yenye wavu. Mimi nikakitoa kitabu kabatini, nikakisoma chote, nikaandika ratiba kama hii kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Mama alikuwa ameanza darasa la kisomo, kama ninyi. Karatasi ile ikawa moja ya vitu alivyojifunzia kusoma.

Sasa ni mwaka wa tatu, na mashine inafanya kazi. Mwezi uliopita nilikwenda kumwamkia. Nikataka kumsaidia, nikaanza kujaza nguo pipani: jinzi, shuka, na blanketi juu yake. Mama alinishika mkono. Akauelekeza ukutani, akasema, "Mwanangu, soma pale, mstari wa tatu."

Nikasoma. Nikalitoa blanketi.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Taja maadui watano wa mashine ya kufulia. Ni yupi aliye mkali zaidi mahali unapoishi, na kwa nini?

2. Mashine imeandikwa kg 6. Una suruali 5 za gramu 700 kila moja na shuka 3 za gramu 600 kila moja. Je, waweza kuzifua pamoja? Onyesha hesabu yako.

3. Kwa nini povu jingi huzuia nguo kutakata katika mashine yenye mlango wa mbele?

4. Umeme umekatika katikati ya kufua. Utafanya nini kwanza? Utafanya nini ukirudi?

5. Nyumbani kwako kuna kifaa gani kingine chenye kitabu au bamba lisilosomwa bado? Kilete darasani, au unakili maneno yake, mkisome pamoja.

Nawatakia usiku mwema, mabibi na mabwana. Kwaherini.